Vigae vya Mahame

Vigae vyote arobaini na kimoja vya vyungu vya kale vilikuwa uani, vimeanikwa juu ya kanga, vinang'aa. Time, msichana wa kazi, aliridhika na kazi yake hadi aliporudi kufuta meza ya Mzee Herbert. Kando ya sanduku tupu palikuwa na kalamu nyembamba na kichupa cha wino mweusi.

Yale madoa madogo aliyoyasugua kwa brashi na sabuni akidhani ni vinyesi vya nzi, kumbe zilikuwa namba.

Mzee alikuwa amemweleza, kwa Kiswahili alichokipata alipokuwa mwalimu Tanga. Ujanani alifukua kijiji kimoja cha kwao Uingereza, ambacho watu walikihama zaidi ya miaka mia sita nyuma. Yalibaki matuta tu chini ya majani. Kila kigae kiliandikwa namba ya nyumba kilimookotwa. Kesho bintiye angevipeleka shuleni anakofundisha, huku Doha. Na huyo binti, tangu wahamie mtaa huu wa Muaither, alikwisha kuwarudisha kwao wasichana wa kazi wawili, mmoja kwa kuvunja bilauri.

Mzee alipoamka usingizi wa mchana, Time alimwongoza uani. Mzee akageuza kigae, akageuza kingine.

"Uliviosha pamoja?"

"Katika beseni moja, Mzee. Nisamehe."

Akakaa kitako sakafuni. Alikitambua kimoja tu, chenye alama ya kidole cha mfinyanzi: nyumba ya sita. Hivyo vingine, akasema, hajui tena aviandike nini.

Time akakiona moyoni kijiji chao cha Pangani, alikomzika mama yake mwaka ule watu walipomaliza kuhama. Hakuna tena aliyejua mlango wa nani ulikuwa wapi.

"Kwetu pakishahamwa hatutaji tena nyumba ya mtu, Mzee. Pote panaitwa mahame."

"Mahame," Mzee akarudia taratibu. Tanga hakuna aliyemfundisha neno hilo. Akaagiza wino.

Alikuwa ameandika neno hilo kwenye vigae vitatu gari la bintiye liliposimama getini. Time akarudi nyuma hadi ukutani. Mzee akaweka kalamu, akavuta beseni lililokuwa bado na maji, akatumbukiza mikono yote miwili, mikono ya shati ikalowa hadi viwikoni.

"Nimeviosha mimi," akanong'ona. "Wewe ulinikataza."

Geti likafunguka.