Simu ya Alhamisi kwenye Bili ya Chumba Saba

...na sasa kidole chake kiko kwenye Jumatatu, kitanda na chai ya asubuhi shilingi kumi na tano, anasoma polepole, midomo ikitembea bila sauti, na mimi nimesimama upande huu wa kaunta nimeshika kalamu ambayo sina cha kuandika nayo, nikiomba aruke mistari, kwa sababu watu huruka, miaka mitatu nimewaona wageni wa hoteli hii wakiangalia jumla kule chini, wakiguna, wakitoa noti, nani anasoma bili mstari kwa mstari Jumamosi saa nne na meli inapiga honi pale gatini... lakini Bwana Masinde wa chumba saba anasoma, na mbele yake amefungua leso yenye noti za shilingi tano zilizokunjwa ndogo ndogo na sumni nyingi, nami sikutarajia leso, nilitarajia barua ya kampuni, maana mara zote amekuja hapa kutoka Muhoroni ni kiwanda kinachomlipia, mimi naandika kila kitu, yeye anatia sahihi, bili inakwenda kwa posta na hakuna anayeuliza, na ni hiyo tu niliyofikiria Alhamisi, Mungu anajua, nilifikiria kiwanda, kiwanda hakina uso... "Sister, hii hapa ni nini?" nami naikaza kalamu, lakini ni Jumatatu bado, nasema, "Ni kufuliwa nguo, Bwana Masinde, shati mbili," anasema, "Ah, kweli, zile shati," na kidole kinateremka, Jumanne, kitanda na chai, soda moja, soda ile alimpelekea mkewe hospitalini, sasa najua, asubuhi hii ndiyo ameniambia alipokuja na sanduku lake, "Leo ni mfuko wangu, si wa kampuni, bibi yangu Nakhungu amejifungua mapacha hapa Kisumu, mmoja alikuwa hapumui vizuri lakini sasa analia mpaka manesi wanakimbia," akacheka, nami nikacheka naye, halafu nikakumbuka nilichoandika kwenye karatasi yake na kicheko kikanikauka mdomoni... mapacha, na mimi nimewaibia shilingi tisa, sema hivyo hivyo Wamucii, usiseme nimekosea, mtu hakosei kuandika chumba saba mahali pa jina lake mwenyewe. Alhamisi mchana Bwana Harbhajan, mwenye hoteli, alikuwa benki, nami tangu Jumatatu nilikuwa sijalala, mama amepasuliwa tumbo kule Nyeri na barua ya ndugu yangu Mathenge ilichukua siku nne kunifikia, siku nne, mtu anaweza kufa na kuzikwa ndani ya bahasha, basi nikainua simu ya kaunta nikamwomba opareta anitafutie lile duka la Karatina ambapo Mathenge anauza mbolea, nikasikia sauti yake mbali kama mtu anayeongea ndani ya mtungi, "Amefungua macho, Wamucii, ameomba uji," na nikalia pale pale, opareta akaingia kwenye laini akasema dakika zimekwisha, ni shilingi tisa, nani analipa... nani analipa, kila simu ya mbali lazima iwe na chiti, kikaratasi cha malipo, na kila chiti lazima iwe na chumba, kwa sababu asubuhi Bwana Harbhajan anazipanga chiti mezani kama karata na kuzilinganisha na leja moja moja, na simu isiyo na chumba ni simu ya karani, na karani hapigi simu bila kuomba, ndiyo sheria ya kwanza aliyonipa siku aliyoniajiri, akiwa mwenye hoteli wa kwanza mtaa huu kumweka mwanamke kwenye kaunta, wenzake wakamwambia atajuta, tena mwanamke wa Nyeri, hao wanajua pesa kuliko wanavyojua jina la Mungu, alinisimulia mwenyewe akicheka, na mimi nikaapa moyoni kwamba hawatapata neno, hata senti, na kweli miaka mitatu hawajapata, hata ule mwaka mbaya wa ghasia ambapo watu wengi wa kwetu walifunga maduka Kisumu wakarudi kwao, mume wangu Wahome akaniuliza twende, nikamwambia mimi kaunta yangu iko hapa, na mama Agneta wa jikoni, Mjaluo kabisa, alikuja nyumbani na samaki kwenye karatasi akasema, "Usiende popote, nani atanijumlishia chiti zangu za soko bila kuniibia?"... bila kuniibia, alisema hivyo. Jumatano, kidole kiko Jumatano, kitanda na chai, hakuna kingine, mstari unaofuata ndio wenyewe, mwandiko wangu mzuri ambao kila mtu anausifu, Alhamisi, simu ya mbali, Karatina, tisa, na yeye hajui mtu hata mmoja Karatina, au labda ataruka, labda atafikiri ni simu aliyopiga mwenyewe akasahau, atahesabu noti, atafunga leso, atakwenda kuwachukua watoto wake, na chiti itakaa kwenye faili milele ikiwa imetulia, na hilo ndilo linaloniogopesha kuliko kushikwa, kwamba sitashikwa, kwamba wiki ijayo mama atahitaji dawa na kutakuwa na chumba tatu, chumba kumi na moja, na mkono wangu utakuwa umeshajua njia... kidole kinainuka, kinashuka. "Bwana Masinde," nasema, na sauti inatoka kubwa kuliko nilivyotaka, "hiyo simu ya Alhamisi si yako, ni yangu, nilipiga kwetu, mama alikuwa mgonjwa, nikaiandika kwako, si kwa bahati mbaya," na ndani ya ofisi kiti cha Bwana Harbhajan kinaburuza sakafu, anatoka miwani ikiwa kwenye paji, chini ya kilemba, "Wamucii, nini?" na ninamwambia tena yote, mara ya pili inakuwa nyepesi kuliko ya kwanza, ajabu, anavuta bili, anaangalia, anashusha miwani, anasoma mstari ule mara mbili, nami nasubiri aseme niache funguo. "Mwisho wa mwezi nakata tisa," anasema, "na wiki hii yote leja utaniletea mimi kila jioni, nisome na wewe." "Ndiyo, Bwana." "Nikikuta tena, kaunta basi." "Ndiyo, Bwana." Anageuka, anafika mlangoni, anasimama. "Na mama?" Nasema ameomba uji, anaitikia kwa kichwa, anaingia, na Bwana Masinde ananitazama kwa muda, sijui ananionaje, siwezi kumwamulia, nachukua kalamu nakata mstari ule, natia sahihi yangu pembeni, jina zima, na jumla inashuka hadi tisini na tano. "Umenipotezea hesabu, Sister," anasema bila hasira, "wacha nianze tena juu," na kidole kinarudi Jumatatu, kitanda na chai, kufuliwa nguo, sasa ananisomea kwa sauti, nami nainama juu ya kaunta nimfuate, mstari kwa mstari, na hakuna mstari ninaotaka auruke...