Gaju Ndani ya Miksa

Jumamosi moja baada ya mvua, Muhire alitandika mkeka mbele ya mimbari, akaweka juu yake miksa ya sauti iliyokuwa bado mpya, ile ambayo watu wa mlimani kwao wanaiita mixage, akaanza kuifungia kebo. Alifanya kazi polepole kwa sababu watu walikuwa wanamtazama. Alishusha kwanza vitelezi vyote hadi chini. Akachomeka mikro za waimbaji moja moja, kila moja kwenye chaneli yake, kisha akatoa kebo mbili nene nyuma ya miksa, akazipeleka kwenye ampli ya kukuzia sauti, na kutoka kwenye ampli hadi kwenye bafle mbili za kutolea sauti zilizosimama pembeni mwa kanisa. Jenereta ikawashwa nje, ikafuata miksa, na ampli mwisho kabisa, maana ukianza na ampli bafle zinapiga kishindo kinachoweza kuzipasua. Haya yote aliyaeleza kwa sauti, ingawa hakuna aliyemwuliza.

Mke wake Libérata alikuwa amekaa kwenye benchi la wanawake. Aliangalia jinsi Muhire alivyokunja kebo iliyobaki, mizunguko mipana kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, na fundo jepesi mwishoni. Ndivyo alivyokuwa akikunja kamba ya Gaju.

Gaju alikuwa ng'ombe wa Libérata. Baba yake alimleta kutoka upande wa pili wa mlima baada ya harusi, kama wafanyavyo wafugaji wa Masisi, ili binti asikae kwa watu bila kitu chake. Muhire alimkamua, kwa sababu kukamua ni kazi ya wanaume, na Libérata aliuza maziwa. Kisha asubuhi moja Muhire alimswaga Gaju hadi soko la Sake bila kuaga mtu, na akarudi kutoka Goma kwa pikipiki akiwa amekumbatia boksi lililoviringishwa blanketi.

"Ile ngombe ilikuwa ya nani, Papa Isimbi?" Libérata alimwuliza siku ile, akimwita kwa jina la mtoto wao kama kawaida.

"Ya nyumba."

"Na hii mixage iko ya nani?"

"Ya Mungu," alisema Muhire, akaenda kuifuta vumbi.

Tuseme ukweli, Libérata alikuwa na wivu, na hakujisumbua kuuficha. Alikuwa na wivu na miksa yenyewe, kwa sababu mabati ya kanisa yalivuja na Muhire aliilaza kitandani kwao, upande wa ukutani kwenye joto, akaifunika kwa kitenge cha harusi cha Libérata. Libérata akahamia ukingoni mwa kitanda. Tena alikuwa na wivu na Umutoni. Zamani, kwaya ilipokuwa na ngoma tu, Libérata ndiye aliyeanzisha nyimbo, na sauti yake ilivuka bonde ikawafikia wachungaji wa ng'ombe. Mikro zilipokuja zilikuwa chache. Muhire alimwambia sauti yake ni kubwa mno, inachafua mashine, heri akae nyuma aimbe na waumini. Mikro ya katikati akampa Umutoni, msichana mwenye sauti nyembamba na nzuri, akawa anamtilia mwangwi kwa kuzungusha kitufe kidogo kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayetoa kibanzi kwenye jicho la mtoto. Mkewe hakukumbuka mara ya mwisho vidole vile kumgusa hivyo.

Basi Jumamosi ile kila kitu kilikuwa kimefungwa vizuri, isipokuwa taa ya chaneli ya nne iliwaka kijani, na chaneli ya nne haikuwa na kebo. Muhire akapandisha kitelezi chake kuona kuna nini. Bafle zote mbili zikatoa sauti ya ng'ombe anayecheua.

"Kuko ngombe ndani," alisema Pasta Nsengimana.

"Ni masi," alisema Muhire. "Waya ya masi haifike vizuri mu udongo. Sauti ya inje inaingia."

Pasta akakubali. Libérata naye alikuwa ameshamtambua Gaju, jinsi unavyomtambua mtu wa nyumbani kwa kukohoa kwake. Gaju alikuwa anacheua upande wa kulia, halafu ananyamaza, halafu anashusha pumzi ndefu. Muhire aliteremsha kitelezi, na mazoezi yakaendelea.

Jioni ya kesho yake, saa ambayo ng'ombe hukamuliwa, miksa ilianza kutoa maziwa chumbani. Yalitoka nyuma, kwenye matundu mawili ambamo kebo za kwenda kwenye ampli huchomekwa. Tundu la kulia lilitoa vizuri. La kushoto lilitoa kidogo, kwa shida, kwa sababu chuchu moja ya kushoto ya Gaju iliwahi kuumwa na ndama na haikupona sawasawa.

Muhire alichukua kitambaa, akayafuta, akihofia yasije yakaunguza vitu vya ndani. Kesho yake yakatoka tena. Hapo akafanya kama mfugaji yeyote, akaleta ndoo, akapaka siagi kwenye vidole, akachuchumaa. Miksa haikutoa hata tone. Alibembeleza, akapiga mluzi ule wa kukamulia, akabadili upande. Libérata alisimama mlangoni akimtazama, kisha akachutama, akaweka kiganja juu ya kile chuma chenye joto na kusema, "Gaju." Ndoo ikajaa hadi povu likamwagika.

Sasa Muhire naye akaonja wivu. Alikuwa amemkamua ng'ombe yule miaka yote ya ndoa yao, na leo ananyimwa maziwa ndani ya chumba chake. Alikwenda kwa wazee wa kanisa akashtaki kwamba mke wake anakamua.

Wazee walikaa alasiri kwenye benchi nje ya kanisa. Walionja maziwa kwanza. Wakasema ni mazuri, yana harufu ya majani ya upande wa pili wa mlima.

"Mwanamuke hakamuake ngombe," alisema Papa Kabera, mzee mwenye ng'ombe wengi kuliko wote. "Toka zamani njo vile."

"Sikuitafuta mimi," alisema Libérata. "Njo yeye ananifwata. Ile ngombe baba yangu njo alinipatia. Hata ikiingia mu mixage, iko yangu tu."

Wazee waliona kwamba neno hilo ni zito, na hawakutaka kulibeba. Pasta Nsengimana alijikuna shingo. Kisha Papa Kabera akapata njia.

"Mama, ile haiko ngombe," alisema kwa upole. "Iko na waya."

Wote wakapumua. Ni kweli, ilikuwa na waya. Hivyo hapakuwa na kosa lolote, mwanamke anaweza kukamua mixage, desturi haijasema kitu juu ya mixage. Libérata alifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza kufurahi tangu siku ya Sake, na alishainuka aende zake na ndoo yake.

"Ngojea kidogo, mama," alisema Papa Kabera. "Kama haiko ngombe, basi haiko ile ngombe ya baba yako. Maziwa iko ya mwenye mixage."

Pasta alifunga kikao kwa maombi, na ndoo ikarudi nyumbani mkononi mwa Muhire.

Tangu siku hiyo Libérata hukamua kila jioni, na Muhire huamua maziwa yaende wapi. Aliamua yasiuzwe. Maziwa ya moto yanalainisha koo, alisema, na anayeimba peke yake ndiye anayehitaji koo laini. Kwa hiyo kabla ya kila ibada ya alasiri Libérata humpelekea Umutoni kikombe, akikifunika kwa mkono ili vumbi lisiingie.

"Aksanti, Mama Isimbi," Umutoni alisema mara ya kwanza, akifuta midomo kwa mgongo wa mkono. "Maziwa yako iko mutamu sana."

"Haiko yangu."

Umutoni hakuwa mtu mbaya. Alidhani ni maneno ya unyenyekevu, akacheka, akarudisha kikombe. Libérata alikiosha hadi mikono ikamwuma.

Sauti ya Umutoni ikaanza kujaa. Ilipata uzito upande wa chini, ikawa inavuka bonde, na jioni moja wachungaji walituma salamu kwamba wanamsikia vizuri, na kwamba ng'ombe wanaacha kula anapoanza. Muhire aliwaeleza watu kwamba ni suala la kujua kupanga chaneli.

Jumapili iliyopita kanisa lilijaa hadi nje. Libérata alikuwa kwenye benchi la nyuma. Umutoni alianzisha wimbo ambao zamani ulianzishwa na Libérata, na Muhire alikuwa ameinama juu ya miksa, vidole viwili kwenye kile kitufe, macho kwa Umutoni. Libérata hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida ya nyumbani, "Gaju."

Taa ya chaneli ya nne ikawaka. Kitelezi kikapanda chenyewe, na kutoka kwenye bafle zote mbili ukatoka mlio mrefu wa chini, mlio wa ng'ombe anayemwona mtu wake akija na chumvi. Waumini wakasema amina.

Muhire alinyoosha mkono wa kushoto bila kugeuka, akakishusha kitelezi cha nne hadi chini. Kwa mkono wa kulia akampandisha Umutoni.

Libérata alitoka kabla ya baraka. Jua lilikuwa linashuka, na nyumbani kulikuwa na ndoo ya kuosha, maana jioni ile miksa ingerudishwa na saa ya kukamua haingojei mtu.