Mahali pa Berta

Boila yetu, tanuru linalopasha nyumba nzima joto, iko katika chumba cha chini ya nyumba, na mlango wake unafungukia uani. Baba aliinunua alipostaafu kazi ya mgodini, akaiendesha kama alivyoendesha mambo yake yote: makaa ya mawe mengi, kelele nyingi, na moshi mweusi uliotua juu ya nguo za jirani yetu Hilda. Mapafu yake yalipochoka, akawa hawezi tena kupanda ngazi na ndoo ya majivu, kazi ikaniangukia mimi.

Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kuyatazama majivu. Yakitoka na vipande vyeusi, makaa yamekosa hewa. Yakishikana na kuwa mawe, hewa imezidi. Nilibadilisha kitu kimoja tu kwa wakati, ama kasi ya makaa kuingia, ama nguvu ya feni, kisha nikangoja hadi kesho yake nione. Kufikia Krismasi moto ulikuwa na rangi ya kiini cha yai, na juu ya paa ulipanda uzi mwembamba wa moshi mweupe.

"Brygida," Hilda aliniita siku moja kutoka upande wake wa ua, "mwaka huu mashuka yangu meupe mpaka mume wangu hanioni. Alizoea kunitafuta kwenye masizi."

Nilicheka, lakini kila siku nilitoka uani kuutazama ule uzi. Mwenye boila ya makaa anaogopa kitu kimoja. Si moto, maana moto unaonekana. Ni gesi inayotoka kwa makaa yaliyokosa hewa, isiyo na rangi wala harufu. Huku kwetu hayapiti majira ya baridi bila kusikia habari za nyumba fulani: watu wamekutwa wamekaa kwenye viti vyao, mashavu mekundu kama waliotoka kucheza kwenye theluji.

Nilimwambia Baba tuweke king'ora cha gesi, kile kidogo cha ukutani.

"Kisanduku cha kupiga filimbi? Nyumbani kwangu mimi, Alojz?" alisema. "Nimeshuka mgodini kabla sharubu hazijaota. Mimi na gesi tunaitana kwa majina. Kampelekee padri hicho kisanduku, kiwaamshe watu wakati wa mahubiri."

Nyumba ni yake. Sikukinunua.

Mwezi wa pili Berta aliugua. Berta alikuwa njiwa jike wa mashindano, wa rangi ya majivu, na Baba alimpenda kwa namna ambayo sisi binti zake tulikuwa tumeacha kuionea wivu. Mwaka mmoja aliachiliwa kaskazini mwa Ujerumani pamoja na njiwa wa kijiji kizima, akapigwa na mwewe njiani, akarudi baada ya siku ambazo wengine walishamkatia tamaa. Alitua kwenye dirisha la jikoni na bawa linaloning'inia. Sasa alikuwa mzee, anakohoa kama Baba. Baba akamwekea kikapu chini, karibu na boila, palipo na joto.

"Wagonjwa wawili, joto moja," alisema.

Jumapili hiyo theluji ilianza kuyeyuka. Asubuhi palikuwa na ukungu mzito na upepo wa vuguvugu, basi nikapunguza moto, kama inavyopasa siku zisizo na baridi kali. Mdogo wangu Truda alikuja na mwanawe, Klara, mtoto wa miezi minne. Mume wa Truda alikuwa kazini ng'ambo ya mpaka.

Nilikuwa nakaanga nyama za kukunja, mafuta yanaruka, na feni ya juu ya jiko inafyonza mvuke kwa nguvu zake zote. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Ni madirisha mapya ya plastiki, yakifungwa hata nzi hapati pa kupenyeza mguu. Baba alishuka kumwangalia Berta, akarudi anahema, bila koti lake. Niliona. Sikumwuliza.

"Klara nitamlaza barazani kwenye kigari chake," Truda alisema. "Mkunga amesema hewa ya nje inampa mtoto mapafu."

"Mkunga huyo kaolewa na muuza majeneza?" Baba akauliza. "Mtoto ni kuku, alazwe kwenye barafu? Mpeleke chumba cha nyuma, kile cha juu ya boila. Sakafu yake ina joto kama mkate."

"Baba, mimi ndiye mama yake."

"Na mimi ndiye baba wa mama yake. Nikikohoa unasikia? Hayo ndiyo mapafu niliyopewa na hewa ya nje."

"Hayo ulipewa na mgodi, Baba."

Wakacheka wote wawili, na Klara akalazwa chumba cha nyuma.

Tulikula supu, nyama, maandazi ya viazi yenye kishimo cha mchuzi katikati, na kabichi jekundu. Baada ya hapo nyumba ilishikwa na usingizi. Truda alijinyoosha kwenye kochi. Baba alibaki mezani, kidevu kifuani. Mimi nilikuwa na kichwa kinachobana kama mtu kanivisha kofia ya mtoto. Nilidhani ni joto la jikoni. Jumapili baada ya chakula kila nyumba ya mtaa wetu hulala hivyo, na nani angeshtuka?

Nikatoka na maganda ya viazi niyatupe kwenye pipa, na kwa mazoea nikainua macho.

Juu ya paa hapakuwa na moshi.

Kwanza nilifurahi. Nililitafuta jambo hilo tangu vuli: makaa kuungua yote, bomba la moshi lisitoe kitu. Nilitaka kumwita Hilda aone. Lakini hata moto uwe safi kiasi gani, juu ya bomba hewa hutetemeka kidogo, kama juu ya chungu cha maji kabla hayajachemka. Nilisimama nikitafuta mtetemo huo. Ukungu ulikuwa umelikalia bomba kama kifuniko, umetulia kabisa. Na kule chini nilisikia feni ya boila ikivuma. Moto unapulizwa, lakini moshi hautoki juu. Basi unatokea wapi?

Ndipo nikagundua kwamba kichwa changu kimeacha kuuma. Kile kibano nilikuwa nimekiacha ndani.

Sikukimbilia ndani. Mpaka leo sijui kwa nini mkono wangu ulitangulia kwenye mlango wa chumba cha chini. Niliuvuta, na joto zito likanipiga usoni, joto lenye harufu ya mbali ya kiberiti. Mwanga wa mchana ukaingia mpaka kwenye kikapu. Berta alikuwa amelala ubavu, miguu imenyooka, mdomo wazi.

Ukutani, usawa wa goti, pana tundu la hewa lenye wavu. Ndilo linaloipa boila pumzi. Tundu halikuonekana. Pale lilipokuwa, lilikuwepo koti la Baba, lile la pamba la mgodini, limesokotwa na kushindiliwa mpaka limejaa, ili upepo usimpige njiwa mgonjwa.

Sasa niliona jambo lote mara moja, kama mtu anayeona ufa ukipita ukutani. Tundu limezibwa. Madirisha yamefungwa. Feni ya jikoni inavuta. Nyumba ilikuwa imetafuta hewa kila mahali ikaikosa, mwishowe ikaivuta kwa njia ya bomba, ikaja na moshi wake. Na juu ya dari ile, kwenye sakafu yenye joto kama mkate, amelala Klara.

Nilibana pumzi, nikalinyakua koti, nikazima swichi, nikauacha mlango wazi. Ngazi za mbele nilizipanda sijui vipi.

"Baba! Truda! Nje!"

Truda hakusogea. Mashavu yake yalikuwa mekundu, mazuri, kama ya msichana aliyetoka kucheza dansi. Baba aliinua kichwa polepole.

"Nani kafa?" aliuliza kama mlevi.

"Berta. Berta kafa, Baba!"

Sijawahi kuona uso ukibadilika hivyo. Usingizi ulimtoka machoni, na akaja mtu mwingine, mtu nisiyemjua, wa kule chini ya ardhi, ambako ndege akifa wachimbaji wanajua gesi imekuja.

"Gesi," alisema. "Mtoto. Achana na mimi, mchukue mtoto!" Akajaribu kusimama, akaanguka na kiti. Akiwa sakafuni alianza kutambaa kuelekea dirishani.

Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umerudishiwa. Niliusukuma. Klara alikuwa chali, mikono imeachiwa pande zote mbili, waridi kama mtoto wa kwenye kadi. Nilipomwinua, kichwa kililala begani kwangu bila uzito wa mtu. Niliita jina lake. Nilimpiga nyayo. Nilitoka naye barazani, nikamgeuzia uso kwenye ukungu, nikaweka shavu langu puani mwake, na upepo ule wa vuguvugu ukanidanganya, maana sikuweza kujua ipi ni pumzi yake na upi ni upepo.

"Hilda!" nilipiga kelele. "Hilda! Ita zimamoto! Gesi!"

Alitoka na aproni, akaniona, akarudi ndani bila kuuliza neno. Muda si muda king'ora cha juu ya kituo cha zimamoto kikaanza kulia, na nikajua vijana wa kijiji wanaacha meza zao za Jumapili na kukimbia. Nyuma yangu vioo vilivunjika. Baba hakuufikia mpini wa dirisha, akalipiga kwa kiti. Hilda alikuja na mume wake, wakamtoa Truda wakimvuta kwa kwapa, wakamlaza kwenye theluji inayoyeyuka. Akatapika, akafungua macho.

"Klara yuko wapi?" alisema. "Mbona halii?"

Wazimamoto walipofika, mkubwa wao, Rufin, aliyesoma darasa moja chini yangu, alimchukua Klara mikononi mwangu. Ilimbidi avifungue vidole vyangu. Walimfunika uso kwa kinyago cha oksijeni kilichokuwa kikubwa kwake, mmoja akikishikilia kwa vidole viwili. Mwingine aliingia ndani na kipimo, kikapiga kelele kabla hajavuka kizingiti. Baba alikaa kwenye ngazi na soksi zake, kifua kinakoroma, macho hayatoki kwenye kile kinyago.

"Niliziba mimi," alisema. Hakumwambia mtu yeyote. "Upepo ulikuwa unampiga."

Gari la wagonjwa lilifika. Wakamwingiza Klara na mama yake. Mlango wa gari ulikuwa unafungwa, ndipo sauti ikatoka ndani, nyembamba, kavu, kama bawaba isiyopakwa mafuta.

"Ni yeye?" Baba akauliza.

"Ni yeye, Baba."

"Alie," alisema. Machozi yalimshuka mpaka kwenye sharubu. "Alie mpaka asikike Krakow."

Sote tulilazwa hospitalini, Klara na Truda kwa muda mrefu zaidi yetu. Msafisha mabomba ya moshi alikuja, akakagua kuanzia paa mpaka chini, akapangusa mikono.

"Bomba zima, boila nzima," alisema. "Umeirekebisha vizuri, mama. Mliiziba pua tu."

Niliweka ving'ora viwili, kimoja chini, kimoja chumba cha nyuma. Baba alimzika Berta chini ya mti wa mcheri, kisha akalala akiwa amegeukia ukuta.

Halafu baridi ikarudi, ile ya kupasua mabomba ya maji. Truda alipiga simu: kesho wanaruhusiwa, Klara yuko salama, na nyumbani kwake kuna baridi, je, waje kwetu? Nikasema waje. Nikashuka kuwasha moto.

Nilipanga kuni ndogo, nikaweka karatasi, nikatoa kiberiti. Mkono ukagoma. Nililiona tundu la hewa wazi, likipuliza baridi miguuni pangu. Niliona taa ya kijani ya king'ora. Nilijua kila kitu kilivyo, na sikuweza. Masikio yangu yalikuwa yanasikiliza juu ya dari, kwenye chumba kisicho na mtu.

Mlango ukafunguka. Baba alikuwa ameshuka, hatua moja, kikohozi kimoja. Alikuwa amevaa lile koti, na mkononi ana kigoda. Akakiondoa kikapu cha Berta kwa mguu, polepole, akaweka kigoda palepale, akakaa. Upepo wa tundu ulimpiga mgongoni. Hakusogea.

"Baba, utapata homa. Kisanduku kipo, kinafanya kazi."

"Nakiona. Kina taa nzuri. Utawasha ukiitazama hiyo taa?"

Nilikigeuza kiberiti mkononi.

"Basi nitazame mimi. Nitakaa hapa, nitaongea. Nikinyamaza, unajua la kufanya."

"Usiseme hivyo."

"Washa, mwanangu. Mtoto anakuja kesho."

Nikawasha. Moto ulishika karatasi, ukalamba kuni, nami nikaanza kuruhusu makaa kidogo kidogo. Nyuma yangu Baba alitaja njiwa wake wote tangu ujana: nani alizaliwa na nani, nani aliliwa na mwewe, nani aliuzwa kwa mjinga. Nilirekebisha feni, nikangoja, nikairekebisha tena. Moto ulikuwa bado mwekundu, wa kigugumizi, haujapata rangi yake.

Ghafla nyuma yangu pakawa kimya.

Niligeuka kwa kasi mpaka nikagonga kiwiko kwenye chuma.

"Baba!"

Alikuwa ameinamisha kichwa. Akakiinua, akanitazama.

"Nilikuwa najaribu kumkumbuka mama yake Berta," alisema. "Geuka, mwanangu. Angalia moto wako."

Nikageuka. Akaendelea kuongea, nami nikaendelea kusikiliza, kila neno, mpaka moto ulipokuwa wa njano.