Sahani ya Tatu

Siku ya nne bila mlaji, michembe ya Mbuke, viazi vitamu vikavu vya kuchemsha, ilichacha tena kwenye sufuria. Aliimwaga nyuma ya kibanda chake cha chakula, akamshukuru Mungu kwa mdomo tu.

Machimbo yote ya Segese yalijua sababu. Masele, mumewe, alifukiwa na duara, shimo la dhahabu, mwezi wa pili, na wachimbaji wana mwiko wao: anayeshuka shimoni hali chakula cha mjane wa mtu aliyefia chini. Kule Didia, shemeji zake walishachukua shamba. Asipopata walaji hapa, hana pa kumpeleka mwanawe Klara.

"Shikamoo, Mama Klara," Nasibu alisema, akipita na wenzake ng'ambo ya barabara.

"Marahaba. Karibu michembe, imeungwa karanga."

"Mama, mimi bado naupenda mgongo wangu, sitaki duara liuangukie!"

Wenzake wakacheka. Huyohuyo Nasibu, Masele alikuwa akimgawia nusu ya ugali wake.

Ndipo Euphrasia, Mama Edward, mwenye mgahawa uliojaa kuliko yote, akavuka barabara, kanga kiunoni. Akaburuta benchi hadi juani, mbele ya macho ya watu.

"Nipakulie. Jaza."

"Mama Edward, wanakuona."

"Nimekuja wanione. Au unadhani nafuata chumvi yako? Imezidi."

Alikula mpaka akafuta sahani kwa kidole. Nyuma yake Mbuke aliomba kimyakimya: Bwana, mmoja tu. Avuke mmoja.

Hakuvuka mtu.

Kesho yake wachimbaji waliupita mgahawa wa Euphrasia kama walivyokipita kibanda. Wali ukapoa, maharage yakapoa. Saa nane mchana Euphrasia akavuka tena, na sufuria yake kichwani.

"Nisamehe, dada yangu," Mbuke alilia. "Nimekuponza."

"Nyamaza. Nani kakwambia nilikuja bila kujua?" Akaitua sufuria karibu na jiko. "Edward wangu sijui atakula nini wiki ijayo. Kesho tuwashe jiko moja. Kuni za majiko mawili, kwa walaji gani?"

Mbuke alifumba macho kuombea chakula. Akasema asante, akakwama hapohapo, machozi yakamalizia.

Ng'ambo Nasibu alisimama. Aliwatazama kitambo, kisha akaenda zake.

Mbuke akapakua sahani ya tatu, ya Nasibu au yeyote atakayevuka, akaifunika, akaiweka mwisho wa benchi, upande wa barabara. Hadi jioni ilikuwa palepale, imefunikwa vilevile. Euphrasia akaosha sufuria zote mbili.