Mkono wa Chumvi

Usiku wa jana niliota nimeitwa ofisini na mwiko wangu mwenyewe.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa ndoto. Naitwa Bi Mwantumu, napika shughuli hapa Pongwe mwaka wa kumi na tisa huu: harusi, hitima, maulidi, hata mikutano ya ushirika. Anayepika pilau ya watu mia nne akilala analala kama gogo. Lakini jana nililala na hasira, na hasira ni chakula kizito.

Hasira yenyewe ilitoka kwa mwanangu Hidaya. Anaolewa leo. Juzi alinifuata jikoni akaniomba, kwa upole wake uleule wa siku zote, kwamba siku ya harusi yake nisipike. Nikae naye ndani, kama mama za wenzake wanavyokaa. Nikamuuliza chumvi atatia nani. Akasema Sikudhani. Nikacheka.

Sikudhani ni msaidizi wangu kwa miaka tisa sasa, mtu mzima mwenye wajukuu. Anajua kila kitu cha jikoni kwangu, ila chumvi hagusi. Kwenye jiko la shughuli chumvi hutiwa na mkono mmoja tu. Wakitia wawili, chakula kimeharibika. Wakitegeana, kimeharibika vilevile. Na mkono huo ni wangu. Hidaya aliponiona nacheka aliondoka, na tangu hapo hajaniomba kitu.

Basi, ndotoni, nafungua mlango wa stoo nichukue vitunguu. Vitunguu hamna. Kuna ofisi. Feni inazunguka, na nyuma ya meza amekaa mwiko wangu mkubwa, yule wa kugeuzia wali, kavaa tai. Akanikaribisha kiti. Nikamwambia sikai mpaka anieleze nani kampa ruhusa ya kutoka jikoni.

"Hii ni Idara ya Kugawa Kazi," akasema. "Kanuni ni moja. Kazi ambayo mwingine anaiweza, apewe mwingine."

Nikamjibu kwamba kanuni hiyo niliisikia kwenye semina ya wajasiriamali, nikala chapati zao, nikarudi nyumbani. Mwiko akaliandika jibu langu. Sijui aliandika kwa kutumia nini, maana mikono hana.

Akaanza na kumenya vitunguu. Akauliza kama yupo mwingine anayeweza kumenya. Nikasema wapo wengi, hata jirani. Akagonga muhuri, na papo hapo kisigino changu cha kulia kikaacha sakafu.

Ninakikanyagiza chini, hakishuki. Mwiko akanieleza kwamba nisishangae, kazi ikigawanywa mwenye kazi huwa mwepesi, ndivyo kanuni inavyosema.

Kuchambua mchele, muhuri. Kwenda sokoni, muhuri. Kuwasha kuni, kupanga sahani, kumpigia simu mwenye turubai anayesema yuko njiani na huku anapiga miayo kitandani, muhuri, muhuri, muhuri. Sasa naelea. Kilemba changu kinakaribia feni. Nikamwambia mwiko aizime. Feni ikadakia kwamba kujizima inaweza yenyewe, ikajizima, nami kwa kupunguziwa hata kazi hiyo nikapanda tena nusu mkono.

Sikuogopa, hilo lieleweke. Nilikasirika. Mtu mzima kuning'inia darini kwenye ofisi ya mwiko wake, kanga inapepea, si jambo la heshima.

"Imebaki chumvi," mwiko akasema.

"Chumvi sitoi."

"Hakuna mwingine anayeiweza?"

"Hakuna."

Akaita shahidi. Akaingia sufuria langu kubwa, yule wa kilo hamsini, akijiviringisha kwa ukingo wake, masizi mwili mzima. Akaapa kwa kupiga kifuniko mara tatu. Kisha akaanza kueleza habari za harusi moja ya kule Kange, miaka sita iliyopita, na mimi nikajua anakokwenda.

Siku ile pilau ilikuwa chumvi tupu. Wageni walimaliza maji ya tangi zima, na bwana harusi mwenyewe alionekana anakunywa kwenye jagi la kunawia. Nilimwambia kila mtu kwamba Sikudhani alitia kidomo chake kwenye kazi isiyo yake, na nimeendelea kusema hivyo mpaka leo.

Sufuria akasema mambo hayakuwa hivyo. Akasema nilikwenda kugombana na mwenye maji, nikamwachia Sikudhani chumvi kwa mdomo wangu mwenyewe. Sikudhani akatia kiasi chake, sawasawa kabisa. Mimi nikarudi na hasira zangu, sikuonja, nikatia tena.

Nikasema najua. Mwiko akaniuliza najua tangu lini. Nikasema tangu siku ileile.

Aibu ilinipata, sifichi. Lakini sikushuka hata inchi moja. Nikamwambia kwamba chumvi bado sitoi, kwa sababu nikiitoa na hiyo nitatoboa bati nipotelee angani, na Pongwe nzima itatazama. Hapo mgongo ulikuwa umeshagusa dari.

Mwiko akasema haya, chumvi tuiweke kando, kuna nafasi nyingine iko wazi. Akageuza karatasi. Alipoigeuza, na ofisi ikageuka. Feni imekuwa taa za rangi, meza imekuwa jukwaa, tuko ukumbini kwenye harusi ya Hidaya. Mimi bado niko darini, katikati ya maua ya plastiki. Chini yangu Hidaya ameketi, hina mpaka viwiko, macho ameyainamisha kama inavyotakiwa. Pembeni yake kuna kiti, na kwenye kiti kuna mwanamke nisiyemjua, amevaa gauni langu.

"Nani huyo?"

"Mama wa bibi harusi," mwiko akasema. "Mwenyewe alisema atakuwa jikoni."

Nikamwambia mama wa bibi harusi ni mimi, nilimzaa Hidaya kwa siku mbili na mkunga akakata tamaa. Mwiko akanisomea sifa za yule mwanamke. Ana uzoefu wa harusi kumi na nne. Analia kwa wakati wake, wala hapitilizi. Anawajua mashangazi wote kwa majina. Hajawahi kunyanyuka katikati ya shughuli kwenda kuonja mchuzi.

Yule mwanamke akatazama juu, akanipungia mkono kwa adabu. Kisha akamrekebishia Hidaya mtandio, taratibu, vizuri kuliko ninavyojua mimi.

"Asante, mama," Hidaya akamwambia.

Mwiko akainua muhuri.

Iliniuma mahali ambapo sikujua kama pana maumivu. Nimewapikia watoto wa watu harusi zao miaka kumi na tisa. Vigelegele vyao navisikia nyuma ya ukuta, moshi machoni, na kila mara najiambia kwamba wa kwangu nitamwona.

"Shusha huo muhuri," nikasema.

"Kanuni ni kanuni. Mwingine anaiweza."

"Anaiweza. Anaiweza kuliko mimi. Simpi."

Mwiko akadai hakuna kifungu kinachoruhusu maneno kama hayo. Nikamwambia basi akiandike sasa hivi, yeye na kalamu yake isiyoonekana, au arudi kuwa kuni, maana nilimnunua mwenyewe sokoni na sikumnunua anifundishe uzazi. Kuna kazi mtu haifanyi kwa sababu anaiweza. Anaifanya kwa sababu ni yake, na akiiharibu ni yake vilevile. Wageni wote wakageuka kunitazama, na ndipo nikaona kwamba wageni wenyewe ni zile sahani zangu mia nne, zimekaa kwa safu, zimevaa baibui na kanzu. Hakuna iliyonipinga.

"Basi shuka ukae," mwiko akasema.

Kusema ni rahisi. Mkono wa kushoto nimeshikilia boriti. Wa kulia umefumba ngumi, na ndani ya ngumi kuna chumvi. Muda wote huo nilidhani ndiyo inayonizuia nisipae, kumbe haina uzito wa kumzuia hata inzi. Hidaya ameinua mkono wake juu, wenye hina, anautafuta wangu bila kuinua macho. Na mtoto wa kike hashikwi kwa mkono wa kushoto siku ya ndoa yake.

Sikudhani alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, pale anaposimama siku zote, anangoja kutumwa.

"Sikudhani, njoo."

"Abee, bi mkubwa."

Nikamwambia akinge mkono. Akaja chini yangu, akakinga. Nikafumbua ngumi, chumvi ikamwangukia kiganjani yote, haikumwagika hata chembe. Nikamwambia aonje kwanza, ndipo atie, na akishatia asimruhusu mtu yeyote kutia tena, hata mimi. Hasa mimi. Kisha nikasema lililonikaa kooni miaka sita.

"Ile ya Kange nilikosea mimi."

"Najua, bi mkubwa," akasema. "Nilikuwa nimeonja."

Mwiko akapiga kelele kwamba makabidhiano hayana muhuri. Nikamwambia ajigonge nao mwenyewe kichwani. Nikaushika mkono wa Hidaya, na uzito wangu wote ukanirudia kwa mkupuo. Nikashuka kama gunia la mchele, nikatua kitini kwa kishindo. Yule mwanamke alikuwa ameshanyanyuka kunipisha. Akachukua pochi yake, akasema ana harusi nyingine Muheza, akaondoka na gauni langu. Mwacheni aende nalo.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshaingia dirishani na uani watu walikuwa wanapasua kuni. Nikafunga kanga, nikatoka.

Sikudhani alikuwa ameinama kwenye ndoo, anasugua mkono wake wa kulia kwa sabuni ya mche. Nikamuuliza amefanya nini. Akasema hata yeye haelewi. Ameamka na kiganja kina chumvi. Ameshanawa mara nne, amejaribu na ndimu, haitoki. Chai yake ya asubuhi ameimwaga, kila akishika kikombe chai inakolea chumvi.

Nikamshika mkono, nikapitisha kidole kiganjani, nikaonja. Ilikuwa chumvi ya kiasi, haikuzidi wala haikupungua. Kisha nikaonja changu. Miaka kumi na tisa kiganja changu hakijawahi kukosa ladha, na leo kilikuwa kitupu kama cha mtoto mchanga.

"Usinawe tena," nikamwambia. "Na uwaambie wote kwamba ile ya Kange ilikuwa mimi, au nitawaambia mwenyewe wakija."

Akaitoa mikono kwenye ndoo, maji yanamchuruzika kwenye kiwiko. Hakuuliza kwa nini leo. Aliniuliza tu kwamba pilau ikimshinda, aniite wapi.

Nikamwambia asiniite. Hata jiko likishika moto asiniite. Nitakuwa nimekaa na mwanangu.