Majivu ya Oiva Kallunki

Irja alipiga simu mwishoni mwa Machi, wala hakumsalimia mumewe.

"Huku kusini, Turku kwa dada, majani yameanza kuota," alisema. "Uani kwetu kukoje?"

Oiva akachungulia dirishani. Theluji ilikuwa imefunika nusu ya kioo. "Kuna dalili," akasema.

"Dalili gani, wewe mwanamume? Miaka thelathini na minane natazama weupe tu, nimechoka! Sasa nisikilize. Tarehe ishirini Mei nakuja. Nisipokuta kijani uani, nachukua nguo zangu na sirudi tena huko."

Simu ikakatwa, na Oiva akabaki ameishikilia. Pale kijijini Hanhilompolo, kaskazini ya mbali, majani hayathubutu kutoa kichwa kabla ya Juni, na Agosti yanaanza kujuta. Irja alilijua hilo vizuri sana. Na Oiva, dereva mstaafu wa greda la kuondoa theluji barabarani, hakuwahi kumwambia mkewe neno tamu hata moja, lakini bila yeye nyumba ilikuwa pango. Alimpenda yule mama, basi.

Dawa ya theluji kila mtu kijijini anaijua: majivu. Jumamosi ukishawasha chumba cha mvuke ukaoga, unayazoa majivu ya jiko na kuyamwaga juu ya theluji. Jua linaushika ule weusi, theluji inakwisha wiki moja mapema. Watu humwaga ndoo moja, wakaenda zao. Oiva yeye akajiuliza: kama ndoo moja inaleta wiki moja, ndoo arobaini je?

Akawasha moto kila siku, asubuhi hadi jioni. Sasa, moto wa chumba cha mvuke hauwashwi ukaachwa hivihivi, ni aibu, ukiwaka, unaingia. Kwa hiyo akawa anaoga mara nne kwa siku. Kufikia katikati ya Aprili alikuwa mwekundu kama kamba aliyechemshwa, na suruali zinamvuka.

Shemeji yake Tauno, kaka wa Irja, anakaa ng'ambo ya barabara. Akaja kusimama mlangoni, mikono mifukoni.

"Shemeji, kuoga kote huku, unajiandaa kuzikwa?"

"Natengeneza majivu."

"Wenzako wanachoma kuni ili waoge. Wewe unaoga ili uchome kuni!"

"Toka, unaingiza baridi."

Kuni zikaisha. Akachoma uzio. Uzio ukaisha, akachoma mbao za kutelezea thelujini, kabati, meza, viti kimoja kimoja. Siku alipotoka na kitanda, Tauno alivuka barabara mbio.

"Kitanda cha ndoa, shemeji! Dada yangu akirudi atalala wapi?"

"Kwanza arudi," Oiva akasema, akashika shoka.

Mwanzoni mwa Mei kijiji kizima kilikuwa cheupe, isipokuwa mraba mmoja wa udongo mweusi uani kwa Oiva. Akausawazisha kwa reki, akamwaga mbegu za majani, akazifunika kwa mablanketi na makoti yote ya Irja. Asubuhi anazifunua zipate jua, jioni anazifunika tena na kuziambia zilale salama. Tarehe kumi na nane akalala kifudifudi kwenye tope, shavu chini, ahakikishe. Yalikuwa yameota! Mafupi, membamba, lakini kijani kweli kweli.

"Njoo," akasema kwenye simu. "Yameota."

"Unanidanganya."

"Njoo ujionee."

Tarehe ishirini basi la Irja lilikuwa lifike saa sita mchana. Saa nne wakaja kulungu wa Tauno, wale wa nchi za baridi wanaofugwa kama ng'ombe, dume na jike wote wana pembe, arobaini, waliokuwa wakiparura theluji ya msituni tangu Novemba kutafuta chochote cha kutafuna. Uzio ulishakuwa majivu. Oiva alipiga kelele, akapiga sufuria, akavua koti akalipunga, akamsukuma mmoja matakoni. Wapi!

"Tauno! Waondoe wanyama wako!"

"Shemeji, hata mimi hawanisikii! Wana njaa!"

Irja aliposhuka kwenye basi alikuta uwanja mweusi mtupu, kulungu wamesimama wanacheua, na mumewe amekaa kwenye tope analia waziwazi.

"Yalikuwepo, Irja. Haki ya Mungu, asubuhi yalikuwepo."

"Ni kweli, dada," Tauno akadakia.

"Wewe nyamaza, uongo wako naujua tangu utotoni."

Irja akaweka sanduku chini. Akamwendea jike aliyekuwa karibu, akamkamata pembe, akamfungua kinywa kwa mikono miwili kama anakagua meno ya mtoto. Akachungulia. Akaingiza kidole, akapekua nyuma ya ulimi, akakitoa na kukiangalia kwenye mwanga kwa muda mrefu.

"Kijani," akasema Irja.

"Si nilikuambia!"

"Ngoja kwanza." Alikuwa anatazama mlango ulio wazi na chumba kitupu nyuma yake. "Meza na viti vyangu viko wapi?"

"Nimechoma."

"Vyote?"

"Vyote. Nilitaka urudi."

Irja akajifuta macho kwa mkono uleule uliotoka kinywani mwa kulungu, akabaki na mstari wa kijani shavuni. Kisha akanyanyua sanduku lake, akaingia nalo ndani, akiuliza kwa sauti kama angalau kahawa imebaki.