Kumwita Ama

Leong Sau-Kam alifariki asubuhi, wakati wauguzi wa nyumba ya wazee wakibadilisha shuka za kitanda cha jirani yake. Otília Collaço alipopigiwa simu alikuwa jikoni anakaanga vitunguu. Alisikiliza, akasema ahsante, akarudi kwenye sufuria. Alitia nyama ya kusaga, akamimina soya, akakata viazi vidogo vidogo kama alivyofundishwa na huyo huyo aliyekufa. Akapakua, akala mpaka akamaliza. Ndipo akavaa viatu.

Hakulia. Alijipima njia nzima, kama mtu anayejifinya mguu uliokufa ganzi, na kila alipojifinya hakusikia kitu.

Sau-Kam ndiye aliyemlea. Alikuwa mtu wa Shunde, Uchina bara, ng'ambo ya mpaka, na akiwa msichana alikuwa amefunga nywele zake mwenyewe kisogoni mbele ya wenzake na kula kiapo cha kutoolewa. Mwanamke wa kiapo hicho hakuwa na mume wala mtoto, na mila haikumruhusu hata kufia katika nyumba ya baba yake. Basi alivuka akaja Macau, akaingia kazini kwa akina Collaço kabla Otília hajazaliwa, na nguo zake zikawa zile zile miaka yote: blauzi nyeupe, suruali nyeusi.

Kwenye ofisi ya mazishi, Bwana Lou alimkaribisha chai na kutoa kalamu.

"Dona Otília, pole sana. Utepe wa shada la maua tuandike nini? Kuna mama, kuna bibi, kuna shangazi. Rafiki pia ipo, lakini shada la rafiki halikai mstari wa mbele."

"Nilimwita ama."

"Ama ipi?"

Lilikuwa swali la haki. Kwa Kikantoni, lugha ya mitaa ya pale, ukilipandisha sauti neno hilo ni mama mzazi. Ukilishusha, ni bibi mzaa baba. Kwa Kireno, lugha ya meza ya akina Collaço, ukikaza mwanzo na kuuacha mwisho ufifie, ni yaya anayelea watoto wa wenyewe. Tena ni kitenzi: anapenda. Otília alikuwa mkalimani wa mahakama na maneno ndiyo yaliyomlisha maisha yake yote. Akajisikia anaanza kumweleza Lou kwa sauti ile ile kavu ya mbele ya jaji. Kwa Wabaski, ama ni mama. Kwa Watibeti vilevile. Kwa Wajapani ni mwanamke anayezamia baharini kutafuta chaza. Ukiliandika kwa herufi nyingine ni mtawa wa Kibuda. Kwa Waarabu ni mjakazi. Kwa Waturuki ni lakini. Kwenye milima ya Peru ni neno la kukataza: usifanye.

"Na kulikuwa na mwenzangu kazini, mtu wa kaskazini ya Msumbiji," alisema. "Kwao pwani ni neno la mtu asiyejua achague lipi. Hili ama lile."

Lou akaweka kalamu chini taratibu.

"Dada yangu, mimi nina utepe mmoja. Tena mwembamba."

"Basi uache wazi."

"Wazi? Watu watasema Lou kazi imemshinda."

"Waambie mimi ndiye niliyeshindwa."

Na kweli alishindwa, ila si siku ile. Alikuwa mtoto mdogo alipoteleza kwenye ngazi za nyumba yao, mbele ya wageni wa Jumapili, akapiga kelele akimwita Sau-Kam kwa sauti ya juu, ile ya mama. Dona Ivone, mama yake mzazi, alishusha kikombe chake bila kukigonga kwenye kisahani. "Otília," alisema, "mama yako ni nani?" Wageni walicheka kidogo, kisha wakaacha. Jioni ile, kwenye beseni la kufulia, Sau-Kam alimshika kidevu kwa mkono wenye povu. "Sema chini, mwanangu. Sema kama wanavyosema wao. Ukilipandisha watanifukuza." Wakalifanyia mazoezi wote wawili, chini, chini, mpaka likakaa. Samaki hukunjwa angali mbichi. Ulimi wa Otília ulikunjwa, ukakaukia hapo hapo. Hata Dona Ivone alipokufa, hata walipobaki wawili tu ndani ya nyumba, hakuna aliyekumbuka kuukunjua.

Alasiri, kwenye ukumbi wa mazishi, wakati watu wa kwanza wakichoma ubani, aliingia Leong Pak-Chiu, mtoto wa mdogo wake wa kiume Sau-Kam. Alikuja kwa basi kutoka Shunde, mzee wa sitini na ushee ndani ya koti lililomzidi mabega. Aliinama mara tatu mbele ya marehemu, kisha akageuka na kuangalia nani yuko wapi. Otília alikuwa amekaa mahali pa wafiwa. Mkononi alikuwa na ua dogo la uzi mweupe, lile ambalo binti wa marehemu hulibana kwenye nywele.

"Wewe ndiye bosi?" Pak-Chiu aliuliza.

"Mimi ni Otília. Huyu ndiye aliyenilea."

"Aliyekulea, au aliyekupikia na kukufulia?"

"Yote."

"Basi bibie, hilo ua si lako. Wewe ni mtoto wa bwana wake. Wageni wanakaa upande ule."

"Haya," alisema Otília. Akampa ua, akainuka, akaenda kukaa upande wa wageni, kati ya mwanamke mwenye feni ya karatasi na kiti kitupu.

Pak-Chiu alibaki amesimama na ua mkononi. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi tangu basi lilipoondoka, na sasa ugomvi wenyewe umemkimbia. Akakaa, akasimama tena. Mwishowe akaja na vikombe viwili vya chai, akajitupa kwenye kile kiti kitupu.

"Hata kugombana hutaki?"

"Sina nguvu, kaka. Sisikii kitu. Hata hii chai sijui ni ya moto au baridi."

"Ya moto. Usijiunguze." Alikunywa yake kwa kelele. "Kila mwaka mpya alikuja kijijini, anasimama mlangoni haingii mpaka aitwe. Na kujigamba! Binti yangu wa Macau anasema mbele ya majaji, jaji mwenyewe ananyamaza. Binti yangu wa Macau hali samaki mwenye miiba. Mama yangu akicheka huko jikoni mpaka anashika ukuta: binti! Kamtoa wapi, kwenye nywele? Sote tulidhani ni uongo wa mwanamke mpweke."

Otília aliangalia kikombe.

"Kweli huli miiba?" Pak-Chiu aliuliza.

"Mpaka leo."

Yule mzee alitikisa kichwa kwa muda, kama aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia na sasa anamsikia analia. Akatoa ua mfukoni. Lilikuwa limebonyea.

"Vaa basi. Lakini usiniangalie hivyo, mimi si mtu wa machozi."

"Wala mimi," alisema Otília, akalibana kwenye nywele. Alijua kwamba hapo ndipo angepaswa kuvunjika. Alingoja. Mwanamke mwenye feni alimpepea kidogo, kwa huruma, na hewa ile aliisikia kwenye shingo.

Macau haina tanuri la kuchomea maiti, kwa hiyo kesho yake asubuhi walivuka mpaka pamoja na jeneza, wakaenda mji wa Zhuhai. Kwenye chumba cha tanuri kulikuwa na kioo, mlango wa chuma, na mhudumu kijana aliyesimama kando ya kitufe. Ni desturi ya watu wale kwamba kabla moto haujawashwa, ndugu wamwite marehemu, wamwambie akimbie, roho isije ikaungua pamoja na mwili.

Pak-Chiu alijaza kifua. "Shangazi! Moto unakuja! Kimbia!" Sauti yake ilipiga kioo ikarudi. Akamgeukia Otília. "Zamu yako."

"Ama," alisema Otília. "Moto unakuja."

Mhudumu alinyoosha kidole. Pak-Chiu akamzuia kwa kiganja.

"Ngoja, kijana. Hivyo unamwita yaya. Ataamka atafute kazi ya kufanya, hatakimbia."

"Ndivyo nilivyomwita siku zote."

"Siku zote mlikuwa na wenyewe nyumbani. Leo nani atakukataza? Huyu?" Akamwonyesha mhudumu, naye akashtuka, akatikisa kichwa haraka kwamba yeye hakatazi.

Otília alijaribu. Neno lilianza vizuri, likafika katikati, likaanguka pale pale lilipozoea kuanguka. Aliifahamu sauti ile ya juu. Alikuwa ameitafsiri mahakamani kutoka midomoni mwa mashahidi mara nyingi kupita kiasi. Aliposogea mwenyewe kuisema, ulimi uligeuka kipande cha ubao.

"Tena," alisema Pak-Chiu.

Akafumba macho, akashika ukuta, akasukuma kutoka tumboni kama mtu anayeinua ndoo.

"A-má! Moto unakuja! Kimbia! A-má!"

Lilitoka juu, baya, limekwaruza, sauti ya mtoto kwenye koo la mwanamke wa miaka hamsini na kitu. Mhudumu alibonyeza. Ndani, nyuma ya chuma, kitu kilivuma.

Alingoja kilio kimfike. Koo lilimuwasha. Aliomba maji, akanywa, akarudisha glasi.

Walikula mchana karibu na hapo, wali na tofu na mboga. Pak-Chiu aliwaambia ndugu waliofika asubuhi ile kutoka Shunde, "Huyu ndiye binti," nao wakasogeza viti. Walikubaliana majivu yaende Shunde, kwenye ukumbi wa wanawake wa kiapo, maana huko ndiko jina lake lilikowekewa kibao tangu ujanani.

"Ching Ming, siku ya kuzuru wafu, uje kufagia," Pak-Chiu alisema. "Goti langu hili halipandi tena."

"Nitakuja."

"Uje na viatu vya maana. Kule kuna tope."

Basi lililowarudisha mjini lilikuwa nusu tupu. Otília angeshuka mpakani, Pak-Chiu angeendelea hadi kituo cha mabasi ya Shunde. Mzee alikaa na chombo cha majivu mapajani, kimefungwa kitambaa chekundu, na kabla hawajafika taa za kwanza akalala, kichwa kimeinama, mdomo wazi. Kila basi lilipopiga kona, chombo kiliteleza. Otília aliweka kiganja juu yake kukizuia. Bado kilikuwa na joto. Aliuacha mkono hapo, akitazama mbele, mpaka kondakta akaita kituo chake.